Siku Nane za Tomaso: Kuhusu Mkanamungu Aliyeishi Miongoni mwa Wabudha

Kitabu ninachotaka kukizungumzia hakikuandikwa na Mkristo, wala hakikuandikwa kwa ajili ya Wakristo. Mwandishi wake ni Stephen Batchelor, mzaliwa wa Scotland. Jina lake ni Confession of a Buddhist Atheist, yaani ungamo la Mbudha asiyeamini kuwako kwa Mungu, na kilitoka mwaka 2010. Msomaji wa Mbulu, Haydom, Dongobesh au Katesh ana haki ya kuuliza: sisi tuna shughuli gani na kitabu cha namna hiyo? Huku kwetu mtu anaweza kuishi mpaka uzee bila kukutana na Mbudha hata mmoja.

Jibu langu ni kwamba kitabu hiki kinahusu jambo tunalolijua vizuri, ila hatulisemi. Kinamhusu mtu anayeishi mwaka baada ya mwaka katikati ya watu wa imani, anakula nao, anasali nao, anavaa vazi lao, na moyoni hawezi kuamini wanachoamini. Mtu wa namna hiyo yupo karibu katika kila usharika wetu. Huenda anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Huenda ni mtoto wa mwinjilisti. Huenda ni mama aliyefiwa, ambaye tangu siku ile hufumba macho wakati wa maombi kwa sababu tu wengine wamefumba. Tunamkuta kila Jumapili, tunampa mkono, wala hatujui.

Nitasema mambo mawili juu ya kitabu hiki. La kwanza ni la kusifu: mwandishi alikuwa mkweli mahali ambapo wengi hukaa kimya. La pili ni la kukosoa: baada ya kuwa mkweli juu ya nafsi yake, hakuwatendea haki wenyeji wake. Mambo yote mawili yana somo kwetu.

Wabudha si watu wa mbali sana

Kwanza tuwafahamu wenyeji wenyewe. Ubudha ulianza kaskazini mwa India, zaidi ya miaka 400 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, kwa mafundisho ya Siddhartha Gotama, aliyezaliwa Lumbini katika nchi inayoitwa leo Nepal. Wafuasi wake wanamwita Budha, maana yake aliyeamka. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba maisha yana mateso, mateso hayo yana chanzo katika tamaa na kung'ang'ania, yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Habari ya Mungu mmoja aliyeumba mbingu na nchi, ambayo sisi tunaanza nayo katika ukurasa wa kwanza wa Biblia, haimo katika mafundisho yake.

Watu hawa wako karibu kuliko tunavyodhani. Pale Upanga, Dar es Salaam, liko hekalu la Wabudha ambalo mizizi yake ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wasinhala kutoka Ceylon, sasa Sri Lanka, walipokuja kufanya kazi hapa nchini. Katika uwanja wake umeota mti wa Bodhi, wa jamii moja na mikuyu yetu. Wabudha wanauheshimu mti huo kwa sababu chini ya mti wa aina hiyo ndipo Budha alipopata kuamka kwake. Jirani zetu wa Uganda nao wana Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyelelewa Kikatoliki. Alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa wa Kibudha, baadaye akawa mtawa mwenyewe, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe.

Nayataja haya kwa sababu liko neno moja linalosemwa sana siku hizi na vijana waliosoma, kwamba Ubudha si dini ila ni falsafa tu, na kwa hiyo mkanamungu akienda kwa Wabudha amefika nyumbani. Neno hilo si kweli. Mbudha wa Upanga haendi hekaluni kufanya mjadala wa falsafa. Huvua viatu, huleta maua na taa, huinama, hukariri maneno matakatifu, huwalisha watawa na kuwaombea baraka wafu wake. Wabudha walio wengi duniani wanaamini kwamba mtu akifa huzaliwa tena, na kwamba matendo yake ya maisha haya yatamfuata katika maisha yajayo. Mtu asiyeamini chochote anapoingia katika nyumba hiyo ni mgeni, kama vile angekuwa mgeni kwetu. Sifa moja ya kitabu cha Batchelor ni kwamba kinaonyesha ugeni huo bila kuuficha.

Mgeni aliyepewa jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Batchelor alilipokea jembe. Alifika Dharamsala, India, mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 19, mahali anapoishi Dalai Lama, aliyeikimbia Tibet mwaka 1959. Alikuwa mmoja wa vijana wengi wa Ulaya waliokuwa wakizurura Asia wakitafuta kitu wasichoweza kukitaja jina. Wengi walirudi makwao. Yeye alibaki, akajifunza Kitibeti, na mwaka 1974 akanyolewa kichwa na kuvikwa vazi la mtawa. Baadaye alimfuata mwalimu wake, Geshe Rabten, mpaka Uswisi. Mwaka 1981 akaenda Korea Kusini kukaa katika nyumba ya watawa ya Songgwangsa. Mwaka 1985 alilivua vazi lile akaoa, na mkewe, Martine, alikuwa Mfaransa ambaye naye alikuwa mtawa huko huko Korea.

Zaidi ya miaka kumi, basi. Huyu hakutazama dini ya watu kupitia dirisha la basi. Alijifunza lugha yao, akatafsiri maandiko yao, akaketi sakafuni saa nyingi katika baridi. Anayetaka kuikosoa imani ya wengine, na wengi wetu tunapenda sana kazi hiyo, ajipime kwanza kwa kipimo hiki: je, ameketi nao muda gani?

Katika kurasa za mwanzo anasimulia habari itakayomgusa kila mtu wa huku kwetu. Kulikuwa na lama aliyepewa kazi ya kuizuia mvua isinyeshe wakati Dalai Lama akiwafundisha watu mahali pa wazi. Lama yule alikaa kilimani na vyombo vyake akifanya matambiko. Watu waliamini kwamba mvua ilimsikia. Batchelor anaikumbuka siku ile na kujihoji bila huruma: nini hasa nilikiona kwa macho yangu, na nini nilitaka kukiona? Anakiri jinsi ilivyo rahisi kwa mtu anayependa kukubaliwa na wenzake kuanza kusema kama wanavyosema, kabla hajajua kama anaamini.

Sisi watu wa mvua tunalielewa jambo hili. Wazee wetu Wairaqw walikuwa na wataalamu wao wa kuombea na kulinda nchi, na Wadatoga walikuwa na wao. Hata leo, mvua za vuli zikichelewa na mahindi yakaanza kukunja majani, tunatangaza siku ya maombi kanisani. Mvua ikinyesha tunashuhudia kwa shangwe. Isiponyesha tunanyamaza, na kijana aliyeketi kwenye benchi la nyuma anahesabu. Sisemi tusiombe mvua. Bwana alitufundisha kuomba riziki, na mkulima asiyeomba mvua anamficha Mungu haja yake kubwa kuliko zote. Nasema tu kwamba mwenye kuomba asiogope kusema ukweli wote, wa mwaka uliojibiwa na wa mwaka ambao hatukuelewa. Ushuhuda unaohesabu upande mmoja humfundisha yule kijana kwamba katika nyumba hii ukweli hupunguzwa ili imani ionekane kubwa.

Pale alipokwama

Kilichomshinda Batchelor hatimaye kilikuwa fundisho la kuzaliwa tena. Aliambiwa kwamba liko thibitisho lake kwa njia ya hoja, akajifunza hoja hizo kwa bidii, na hazikumridhisha. Alipomuuliza mwalimu wake, aligundua kwamba aliruhusiwa kuuliza mradi tu mwisho wa swali afike penye jibu lililokwisha kuwekwa. Tena alielewa kwamba jambo hilo halikuwa dogo kwao. Kwa mwalimu wake, asiyekubali fundisho hilo ameondoa nguzo inayobeba paa zima la dini.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Angeweza kuendelea. Alikuwa amekwisha kupata jina, lugha, chakula na mahali pa kulala. Angeweza kufundisha kwa kinywa jambo ambalo moyo umelikataa, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliona kwamba hawezi kuvaa vazi la watawa huku akiwadanganya waliomvika. Hakuwatukana alipoondoka. Walimu wake katika kitabu ni watu wa kupendeza, wakali, wenye huruma, na anaonyesha shukrani kwao hata mahali anapowapinga.

Ninapoisoma sehemu hiyo nafikiria darasa la kipaimara. Tunawapa vijana wetu maswali ya Katekisimu pamoja na majibu yake. Ni jambo jema, nami nayashukuru niliyokaririshwa, kwa maana yamenishika mkono usiku ambao akili yangu haikuweza kutunga sala. Lakini je, yupo kijana aliyewahi kusimama katika darasa hilo akasema, "Mwalimu, mimi hili siliamini," na akaruhusiwa kuketi tena na kuendelea? Kwa kawaida hasemi. Anajua baba atapigiwa simu, mama atalia, na mtu atamsomea Zaburi ya 14, pale mtunzi anapomtaja mpumbavu asemaye moyoni kwamba hakuna Mungu. Tunasahau kwamba zaburi hiyo inaendelea kuwazungumzia watu wanaowala watu wa Mungu kama wanavyokula mkate. Upumbavu unaoshutumiwa pale ni wa mtu aishiye kana kwamba hakuna atakayemdai hesabu ya maovu yake. Inawezekana upumbavu huo ukakaa vizuri sana ndani ya mtu anayekiri imani yote bila kukosea neno.

Basi kijana anakaa kimya, anabarikiwa, anapigwa picha na familia. Mwaka unaofuata anakwenda Arusha au Dar es Salaam, na huko hatumwoni tena kanisani. Tunasema mji umemharibu. Mara nyingine mji haukumharibu. Ulimpa tu nafasi ya kusema alichokuwa nacho tangu kijijini.

Nyumba bila wenyeji wake

Sasa nifike kwenye kosa. Batchelor hakuishia kusema, "Mimi nilishindwa kuamini." Katika nusu ya pili ya kitabu anakwenda mbele. Anachambua maandiko ya kale ya Wabudha, anatembelea mahali Gotama alipopita, na anamchora Budha mpya: mtu wa siasa za wakati wake, mwenye jamaa na maadui, aliyefundisha namna ya kuishi hapa duniani. Mambo ya kuzaliwa tena, ya viumbe vya mbinguni, ya miujiza, anayaweka kando kama vumbi lililoshika nguo baadaye njiani. Kinachobaki ndicho anachokiona kuwa na nguvu katika mafundisho ya mwalimu yule. Na kinachobaki, kwa bahati njema sana, kinafanana na Batchelor mwenyewe.

Hapa nina mashaka naye. Si kosa kutafuta historia ya mwanzilishi wa dini, na yapo mengi ya kujifunza katika kurasa zile. Kosa ni kuchagua katika maandiko yale tu yanayokupendeza na kuyaita ya kale na ya kweli, kisha yasiyokupendeza ukayaita nyongeza za watu wa baadaye. Mama wa Kisinhala anayemwagilia mti wa Bodhi pale Upanga na kumwombea marehemu mumewe baraka katika maisha yajayo, katika hesabu hii anakuwa mtu asiyeielewa dini yake mwenyewe. Mgeni aliyekaribishwa, akalishwa, akafundishwa lugha, sasa anamwambia mwenye nyumba kwamba nyumba hii haikujengwa kwa ajili yake.

Mkristo anatakiwa kulitambua kosa hili upesi, kwa maana tumetendewa. Wapo wanaompenda Yesu wa Hotuba ya Mlimani na kumwacha Yesu aliyefufuka. Wanasema yule wa kwanza ndiye halisi, na wa pili aliongezwa na kanisa. Tunawajibu kwamba Injili haikatwi hivyo. Waliotuletea habari za heri kwa maskini ndio hao hao waliotuletea habari za kaburi tupu.

Lakini tusijitangulize kuwa watu wa kuonewa, maana nasi tumetenda. Tumefanya hivyo kwa wazee wetu. Mzee wa Kiiraqw alimwita Mungu Looaa na kumtaja kama mama, mwenye wema na mvua. Mdatoga alimwita Aseeta. Palikuwa na slufay, maombi marefu ya baraka ambayo mzee alitamka mbele ya watu nao wakaitikia. Siku hizi tunapenda kusema katika semina kwamba wazee walikuwa Wakristo bila kujijua. Tunachukua Looaa na slufay, kwa sababu vinatupendeza, kisha tunaficha matambiko, hofu ya roho za chemchemi, na kondoo waliochinjwa. Nia ni nzuri, nia ya kuwapa heshima. Hata hivyo wazee hawakuwa rasimu ya sisi. Walikuwa watu kamili wenye imani yao kamili, na baadhi yao walisikia Injili wakaikataa kwa sababu walizozijua. Kumheshimu mtu ni kumwacha aseme alichosema, hata kama hakikupendezi. Hilo Batchelor alilifanya vizuri kwa walimu wake aliowajua kwa sura. Kwa Budha mwenyewe, ambaye hawezi kumjibu, hakulifanya.

Tope la Hanang

Najua msomaji atasema: haya ni mazungumzo ya watu wenye nafasi. Tuyapeleke basi mahali ambapo hakuna nafasi.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wa Mlima Hanang ilimomonyoka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka katika mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nyumba zilifunikwa, mifugo ilizikwa, watoto walitafutwa ndani ya udongo kwa mikono na majembe kabla mashine hazijafika.

Baada ya msiba wa namna hii yako maneno mawili ambayo husemwa daima. La kwanza: ni adhabu, watu wamezidi dhambi. La pili: ni mapenzi ya Mungu, tusiulize. Mbudha naye ana neno lake linalofanana na la kwanza, kwamba aliyepatwa na ubaya anavuna alichopanda, ikiwa si katika maisha haya basi katika yale yaliyotangulia. Si kila Mbudha hulitamka hivyo mbele ya jeneza, kama vile si kila mchungaji husema adhabu mbele ya jeneza, lakini neno limo ndani ya nyumba zote mbili.

Mkanamungu wetu anakataa. Kwake hakuna sababu ya kumwambia mzazi kwamba mtoto aliyezaliwa juzi ana deni la maisha mengine. Nami nikisoma Luka sura ya 13 namwona Bwana Yesu akikataa vilevile. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Aliuliza kama wafu hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Alijibu kwamba sivyo, kisha akawageuzia wito wa toba wao wenyewe waliokuwa hai na wenye kuuliza. Hakumruhusu mtu yeyote kusimama juu ya kifusi akawahukumu waliolala chini yake. Katika hatua hiyo moja, asiyeamini na Bwana wetu wamesimama upande mmoja, na mhubiri wa adhabu amesimama upande mwingine. Hilo litutie aibu kidogo.

Wabudha wenyewe wana habari nyingine iliyo bora kuliko lile neno la kuvuna. Mama mmoja, Kisa Gotami, alifiwa na mtoto wake, akazunguka na maiti mikononi akitafuta dawa. Budha akamwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo hakijatokea kifo. Alibisha hodi mlango hadi mlango, akapata haradali kila mahali, lakini nyumba isiyo na kifo hakuipata. Mwisho akamzika mtoto wake. Kila aliyekaa matanga anajua nguvu ya habari hiyo. Majirani wanapoingia mmoja mmoja, na kila mmoja ana kaburi lake, mzigo haupungui uzito ila unapata wabebaji.

Lakini baada ya kuzika njia zetu zinaachana, na si haki kuficha hilo kwa ajili ya adabu. Mama yule alifundishwa kuacha kung'ang'ania. Batchelor anafundisha kuukubali ulimwengu kama ulivyo, bila aliyeupanga na bila atakayeulizwa. Sisi tumepewa ruhusa ya ajabu zaidi, ya kung'ang'ania na kuuliza. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na kanisa halijaiondoa katika Biblia. Ayubu alimwambia Mungu maneno ambayo mzee yeyote wa kanisa angeyakemea, na mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anasema kwamba ni Ayubu aliyenena sawasawa juu yake, si wale rafiki watatu waliomtetea. Rafiki hao walifanya jambo moja jema. Waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipokosea.

Mwanamke wa Gendabi anayemlilia Mungu kwa hasira, kwa hiyo, hajatoka katika imani. Hasira hiyo ina anwani. Pengo ninaloliona katika kitabu cha Batchelor ni hili: ana uvumilivu, ana upole, ana ujasiri wa kuishi na swali lisilo na jibu, lakini hana wa kumlilia. Yeye angesema hamhitaji. Siwezi kumthibitishia kwamba anamhitaji. Naweza tu kusema kwamba sisi, tulipotoka makaburini Katesh, tulimhitaji.

Tomaso alikaa wapi?

Zamani Wairaqw walikuwa na desturi ya kumtenga kwa muda mtu aliyepatwa na misiba ya namna fulani, kama kufiwa na mtoto. Hakushirikiana na majirani vyombo wala kazi, ili unajisi wa msiba usienee. Aliyetengwa hivyo aliitwa metimani. Injili ilipokuja ilitufundisha kumwendea aliyefiwa badala ya kumkwepa, na hilo ni badiliko la kumshukuru Mungu. Lakini naona tumeweka metimani mwingine mahali pa yule wa zamani, naye ni mwenye mashaka. Tunamwogopa kana kwamba mashaka yake yatashika vikombe vyetu.

Tusome tena Yohana sura ya 20. Jioni ya Pasaka Tomaso hakuwapo. Wenzake walipomwambia, alikataa waziwazi, na kwa maneno makali. Halafu Yohana anaandika jambo tunalolipita haraka: siku nane baadaye wanafunzi walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Kwa juma zima mtu asiyeamini ufufuo aliishi katika nyumba moja na mashahidi wa ufufuo. Wao hawakumfukuza, wala hawakumlazimisha kukiri. Yeye hakujifanya kuamini, wala hakuondoka. Bwana alipokuja alimkuta ndani. Kama wangemtoa siku ya tatu, angemkuta wapi?

Batchelor alikaa siku zake nane, tena zaidi ya nane, katika nyumba ya wengine, akatoka bila kuona. Mimi sijui Mungu ana nini naye. Najua kwamba nyumba yetu wenyewe imejaa akina Tomaso wanaohesabu siku kimya kimya. Wazee wa kanisa, walimu wa kipaimara, akina mama wa vikundi, wazazi: mmoja wao akija kwenu jioni akasema haamini, msikimbilie Zaburi ya 14. Mpeni kiti. Mwulizeni tangu lini. Mkaribisheni chakula, na Jumapili mpeni nafasi yake ile ile katika kwaya kama bado anaitaka. Jembe lake lisichukuliwe. Ninyi endeleeni kumwambia mlichokiona bila kukipunguza na bila kukiongeza, kama wale kumi walivyofanya, na mlango wa nyumba msiufunge kabla Bwana hajafika.